Mkazo wa nyuzi mbili: cherehani ya Mushaki na mshono uliokaa sawa

Mshono wa cherehani ya kawaida hutengenezwa na nyuzi mbili ambazo hazikutani ila ndani ya nguo. Uzi wa juu hutoka kwenye kibiringi, hupita katikati ya visahani vya mkazo, kisha hushuka na sindano. Uzi wa chini hutoka kwenye bobini iliyofungiwa ndani ya kijumba chake, chini ya bamba. Kila sindano inapopanda, nyuzi hizo hukumbatiana mara moja, na fundo hilo dogo hutulia pale ambapo nguvu za pande mbili zimelingana. Uzi wa juu ukivuta zaidi, fundo hupanda na kutokeza juu ya nguo; wa chini ukivuta zaidi, hushuka na kutokeza upande wa ndani. Kurekebisha mkazo maana yake ni kulipeleka fundo hilo katikati ya unene wa nguo, lisionekane upande wowote.

Mushaki iko kwenye vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, juu ya Sake, karibu kilomita 40 kutoka Goma. Ni nchi ya malisho, ng'ombe na jibini, yenye baridi na mvua nyingi. Fundi wa vilima hivi hukutana na nguo za tabia tofauti kabisa, mara nyingi kwa mashini ileile moja. Kabla ya shule kufunguliwa Septemba, hushona mashati meupe na sketi na suruali za buluu, sare ya wanafunzi wa Kongo nzima. Karibu na Machi 8, siku ya wanawake, huletewa vikwembe kwa wingi, kila mama akitaka mtindo wake. Mwaka mzima huletewa makoti mazito ya kupunguzwa, fulana za mitumba zinazonyumbuka, na magunia ya kuzibwa matundu. Hakuna mkazo mmoja unaozifaa nguo hizi zote. Fundi asiyejua kuubadili hujikuta akitoa kazi nzuri kwa nguo moja na kuiharibu inayofuata, huku akidhani mashini imezeeka.

Mashini yenyewe ina ukoo unaojulikana. Katika miaka ya 1830, Walter Hunt wa New York alitengeneza mtambo wa kushona kwa nyuzi mbili, lakini hakujilinda kwa hataza. Elias Howe alipata hataza yake Marekani mwaka 1846, kwa sindano yenye tundu karibu na ncha na chombo cha kupitisha uzi wa pili; Isaac Singer akafuata na hataza yake mwaka 1851. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni ya Singer ilitoa aina iliyoitwa 15, yenye bobini ya duara iliyosimama wima ndani ya kijumba cha chuma. Aina hiyo ilinakiliwa Japani na China kwa mamilioni, na mashini nyeusi za kukanyaga kama Butterfly ya Shanghai ni wajukuu wake. Jambo hili lina faida kubwa kijijini: kijumba cha bobini, springi na visahani vya mashini moja mara nyingi huingia kwenye nyingine, hata kama majina kwenye shingo zake hayafanani.

Ili kuelewa mkazo, inafaa kuufuata uzi wa juu katika mshono mmoja tu. Sindano hushuka mpaka chini kabisa, kisha hupanda kidogo. Kule kupanda kidogo hufanya uzi uvimbe pembeni mwa sindano na kuwa kitanzi. Ncha ya ndoano iliyo chini ya bamba hukidaka kitanzi hicho, hukipanua na kukizungusha kuizunguka bobini yote, ili uzi wa chini ubaki ndani yake. Kisha mkono wa kuvutia uzi, ule unaopanda na kushuka mbele ya mashini, hukirudisha kitanzi juu na kukaza fundo. Kuzunguka bobini kunahitaji uzi wa sentimita kadhaa, ilhali mshono wenyewe hula milimita chache tu. Uzi uliobaki hurudi juu na kusubiri zamu nyingine. Kwa hiyo kipande kilekile cha uzi hupita kwenye tundu la sindano makumi ya mara kabla ya kulala ndani ya nguo. Uzi dhaifu huchakaa katika safari hiyo, na wenye vinundu hukwama kila unapopita.

Mkazo wa juu, basi, hautoki kwenye nati peke yake. Ni jumla ya misuguano yote njiani: kwenye kibiringi, kwenye kila kikulabu, kati ya visahani, kwenye springi ndogo ya kukamata uzi, kwenye mkono wa kuvutia, na kwenye tundu la sindano. Nati hubana springi, springi hubana visahani, na visahani hubana uzi. Hiyo ndiyo sehemu inayorekebishika kwa vidole, na kwa sababu inarekebishika kwa vidole ndiyo inayolaumiwa kwa makosa ya sehemu nyingine. Nyingi ya mashini zinazosemwa kwamba "mkazo umeharibika" zina visahani vizima na nati nzima.

Kosa linalotokea mara nyingi kuliko yote ni la kutunga uzi mguu wa kukandamiza ukiwa chini. Mguu ukiwa juu, kipini kidogo kilicho nyuma ya visahani huvitenganisha, na uzi hupita katikati bila kizuizi. Ukishushwa, visahani hufunga. Uzi uliotungwa wakati visahani vimefunga hubaki umeegemea kingo zake, na hapo nati inaweza kukazwa hadi mwisho bila kubadili chochote. Dalili yake ni mtafaruku chini ya nguo: nyuzi za juu zimejikunja kama kiota, bamba limejaa, na nguo imegoma kutoka. Wengi wakiuona uchafu huo chini, huamini kwamba ugonjwa uko chini, wakafungua kijumba cha bobini na kugeuza skrubu ambayo haikuwa na hatia. Kanuni inafaa kushikwa kinyume na macho yanavyodhani: vitanzi vikiwa chini, kosa liko juu; vitanzi vikiwa juu, uzi wa juu umebana kupita kiasi au wa chini umelegea.

Kuusoma mshono ni ustadi unaopatikana haraka nyuzi zikiwa za rangi mbili. Huchukuliwa kitambaa kilekile kitakachoshonwa, si kingine, kikakunjwa mara mbili. Juu huwekwa uzi mwekundu, chini mweupe, wa aina na unene mmoja. Hushonwa mstari wa urefu wa kiganja, kisha nguo hugeuzwa na kuangaliwa karibu na mwanga. Vidoa vyeupe vikijitokeza juu katika kila tundu, wa juu unavuta mno. Vidoa vyekundu vikionekana chini, wa juu umelegea au wa chini umebana. Wakati mwingine uzi wa upande mmoja hulala moja kwa moja kama waya, ukazungukwa na mwenzake; huo uliolala ndio wenye nguvu zaidi. Kuna jaribio la pili, gumu lakini la kweli: mstari hushonwa mshazari wa nguo, kisha nguo hushikwa pande mbili na kuvutwa kwa ghafla mpaka mshono ukatike. Uzi uliokatika ndio uliokazwa kupita mwenzake. Zikikatika zote mbili kwa pamoja, zimelingana.

Kulingana, hata hivyo, hakutoshi. Nyuzi mbili zinaweza kulingana huku zote zimebana sana, na mshono ukawa mzuri kwa macho siku ya kwanza lakini ukaikunja nguo baada ya kufuliwa. Zikilingana huku zote zimelegea, mshono hufunguka begani mvaaji anapobeba mzigo. Kwa sababu hiyo mafundi wazuri huanza chini. Mkazo wa bobini huwekwa kwanza, kwa kipimo kisichotegemea kitu kingine, na wa juu hufuata. Anayegusa pande zote mbili kwa wakati mmoja hapati tena mahali pa kusimama: hajui ni upi uliobadilisha nini.

Kipimo cha chini ni rahisi na hakihitaji chombo. Kijumba huondolewa na kusafishwa, hutiwa bobini iliyojaa vizuri, na uzi huvutwa kupitia mwanya hadi uingie chini ya springi bapa. Kisha kijumba huning'inizwa kwa uzi wake, mkono ukiwa umetulia. Kikiteremka chenyewe bila kusimama, springi imelegea. Kikibaki palepale hata mkono ukishtushwa juu, imebana. Kinachotakiwa ni kitulie mkono ukitulia, na mkono ukishtuka kidogo kishuke sentimita chache kisha kisimame. Kwenye springi hiyo kuna skrubu mbili. Kubwa ndiyo ya mkazo. Ndogo, iliyo mwishoni, kazi yake ni kuishika springi tu, na kuilegeza ni kutafuta hasara, kwa maana ikianguka sakafuni haipatikani kwa urahisi, na kuibadilisha ni safari ya Goma. Skrubu kubwa hugeuzwa kwa kiasi kidogo mno, kama mshale wa dakika unavyosogea kwa dakika tano, kisha kijumba hupimwa tena. Ni busara kufanya kazi hiyo juu ya kitambaa cheupe au ndani ya sahani.

Bobini yenyewe ina masharti yake. Mafundi waliosomea ukataji na ushonaji katika shule za Kongo, wakifundishwa kwa Kifaransa, huiita kaneti. Ikijazwa kwa mkono, au ikafungwa legelege upande mmoja na kubanwa upande mwingine, uzi hutoka kwa kurukaruka, na mshono huwa mzuri kwa hatua kumi kisha mbaya kwa hatua tano. Ikijazwa kwa kasi na uzi wa poliesta ukiwa umevutwa sana, uzi huo hunyooka ndani ya bobini, hushonwa ukiwa umenyooka, kisha hujirudi baada ya saa chache na kuikunja nguo iliyokwisha kupigwa pasi. Bobini iliyopinda au iliyopata kutu ukingoni hukwama ndani ya kijumba, na hakuna skrubu inayotibu hilo. Zaidi ya hayo, uzi unapotoka kwenye bobini unapaswa kugeuka nyuma kuingia kwenye mwanya wa kijumba. Ukitoka ukielekea mbele, huchomoka kwenye springi mara mashini inapoanza kukimbia.

Chini kukishatulia, nati ya juu ndiyo inayofanya kazi ya kila siku. Nyingi za mashini nyeusi za Kichina hazina namba kwenye nati, hivyo fundi huhesabu mizunguko. Kuigeuza kulia kunakaza, kushoto kunalegeza. Robo mzunguko, mstari wa majaribio, kuangalia pande zote mbili. Robo nyingine, mstari mwingine. Kwenye kikwembe kipya, kwa mfano, mstari wa kwanza huweza kuonyesha vidoa vyekundu kwa chini, vidogo kama punje za ulezi. Baada ya robo ya kwanza vinapungua; baada ya ya pili vimebaki viwili vitatu; baada ya ya tatu upande wa chini ni mweupe mtupu, na juu ni mwekundu mtupu. Robo ya nne ingeanza kutokeza weupe juu. Kazi nzima haichukui dakika tano. Kitambaa cha majaribio hakitupwi: fundi makini hukiandika kwa kalamu pembeni, nguo gani, sindano namba ngapi, mizunguko mingapi, akakitundika ukutani, na mwaka unaofuata Machi ikikaribia anajua pa kuanzia.

Nguo huamuru mkazo kuliko mashini. Kikwembe kipya kina wanga na ugumu wa dukani. Uzi husuguana nacho zaidi, na fundo linahitaji kuvutwa kwa nguvu ili liingie ndani. Kikishafuliwa hulainika, na mkazo uleule unaanza kukikunja. Shati la sare, likiwa la poliesta nyembamba iliyochanganywa na pamba, halina nafasi ya kulificha fundo; hapo dawa ni kulegeza juu na chini kwa kiasi, kutumia uzi mwembamba na sindano ndogo, namba 70 au 80, na kufupisha mshono kidogo. Namba hizi za sindano zina maana ya wazi: 90 ni sindano yenye unene wa milimita 0.9, na 100 ni milimita 1. Koti zito la sufu au jinzi huhitaji 100 au 110, na mkazo wa juu zaidi, kwa sababu unene wa nguo unaushika uzi na kulizuia fundo lisipande. Fulana zinazonyumbuka ni tatizo jingine. Mshono wa nyuzi mbili haunyumbuki kama nguo, kwa hiyo mkazo hulegezwa pande zote, na nguo huongozwa mikononi bila kuvutwa. Mshono uliobana kwenye fulana hukatika mara ya kwanza mtu anapoipitisha kichwani.

Kuhusu uzi, hukumu inapaswa kutolewa bila kuzungukazunguka: uzi mbaya hauna mkazo sahihi. Uzi wa koni usio na lebo, wenye sehemu nene na sehemu nyembamba, hubadilisha mkazo wake wenyewe kila baada ya shubiri. Sehemu nene inapopita kwenye visahani huvipanua na kubanwa zaidi. Nyembamba hupita kama haipo. Hata koni nzuri huharibiwa na jinsi inavyowekwa. Koni imetengenezwa ili uzi uvutwe kutoka juu, kwa kunyooka. Ikichomekwa kwenye kijiti kidogo cha kibiringi, uzi hujizungusha chini yake na kuvuta kwa vishindo. Mafundi wengi huiweka koni ndani ya kikombe nyuma ya mashini, na kuupitisha uzi kwenye waya uliokunjwa kitanzi juu yake. Ni suluhisho la bure, na ni sahihi kitaalamu.

Sindano isiyo ya aina ya mashini husika hujificha vizuri zaidi kuliko hitilafu nyingine yoyote. Mashini za nyumbani hutumia sindano yenye mguu uliobapa upande mmoja. Mashini za kiwandani hutumia yenye mguu wa duara, na urefu wake ni tofauti. Hiyo ya kiwandani ikilazimishwa kuingia kwenye ya nyumbani, mashini huruka mishono au hukata uzi, na fundi hulegeza mkazo bure. Upande wenye mfereji mrefu ndio unaoingizwa uzi, kwani uzi hulala ndani ya mfereji huo sindano inapotoboa nguo. Sindano iliyopinda kidogo haionekani kwa macho. Hulazwa juu ya kioo au bamba bapa, na nafasi isiyo sawa chini yake huisema. Ncha iliyovunjika huvuta nyuzi za nguo na kuacha mstari wa mng'ao pembeni mwa mshono.

Hewa ya Masisi ina mchango wake pia. Unyevu huleta kutu kwenye springi bapa ya kijumba na kwenye visahani, hasa mashini ikikaa wiki bila kazi katika nyumba ya mbao. Kutu huukwaruza uzi na kuongeza msuguano usiopimika. Moshi na majivu ya volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira huelekezwa na upepo mara nyingi upande wa magharibi, kuelekea Sake na Masisi, na punje za majivu ni ngumu: zikichanganyika na mafuta zinasaga chuma. Nyuzinyuzi zinazodondoka kutoka kwenye pamba hujikusanya chini ya springi ya bobini, mahali ambapo hapaonekani. Kiasi chake kinaweza kuwa kama chembe ya unga, lakini kinatosha kuinua springi na kuufanya uzi wa chini ulegee ghafla. Kipande cha karatasi ngumu kikipitishwa chini ya springi hutoa uchafu huo bila kugusa skrubu. Ndiyo sababu kusafisha kunatangulia kurekebisha, kila mara. Mafuta nayo ni ya mashini tu. Mafuta ya kupikia hukauka na kugeuka gundi, na ndoano inayozunguka kwa taabu huchelewa kukidaka kitanzi.

Uzi wa poliesta una madhara ya polepole: kwa miaka huchimba mifereji kwenye vikulabu na visahani, na uzi unaopita ndani ya mfereji haubanwi sawasawa. Visahani vinaweza kugeuzwa kidogo ili uzi upate uso mpya. Springi ndogo ya kukamata uzi, iliyo karibu na visahani, husahaulika zaidi. Kazi yake ni kuushika uzi usilegee sindano inaposhuka, na kuuachia tundu la sindano linapofika kwenye nguo. Ikivunjika au ikipinda, uzi wa juu hukatika ovyo au kuacha vitanzi, na hakuna kiasi cha kukaza nati kinachosaidia. Hubadilishwa.

Mashini ya kukanyaga inafaa mahali pasipo na umeme wa uhakika, lakini inaleta kosa ambalo ya umeme hailijui. Mguu ukikosea mwanzoni, gurudumu hurudi nyuma nusu mzunguko, ndoano hurudi nayo, na nyuzi hujifunga chini ya bamba. Fundi anayejifunza hulitafsiri kuwa tatizo la mkazo. Kinachohitajika ni kuanzisha gurudumu kwa mkono wa kulia kuelekea upande wa fundi, ncha za nyuzi zikiwa zimeshikwa nyuma ya mguu wa kukandamiza, ndipo kukanyaga. Pia mkanda wa ngozi uliolegea huteleza na kufanya mwendo usiwe sawa, na mwendo usio sawa huonekana kwenye mshono.

Vita vimewafanya mafundi wa eneo hili wawe wabebaji wa mashini. Mapigano yalifika Mushaki, na waasi wa M23 waliiteka mwishoni mwa Februari 2023. Watu walikimbilia Sake na Goma. Katika mazingira kama hayo meza ya chuma huachwa na kichwa cha mashini ndicho kinachobebwa, kwenye pikipiki au mgongoni. Kichwa cha chuma cha aina hii ni kizito, kinazidi kilo 10, na visahani vya mkazo viko nje, upande unaogongwa kwanza kinapoegemezwa. Kabla ya kubeba, kijumba cha bobini hutolewa na kufungwa kwenye kitambaa pamoja na bisibisi yake, sindano hutolewa, mguu wa kukandamiza hushushwa juu ya kipande cha nguo, na visahani hufunikwa kwa tambara lililofungwa kwa kamba. Mashini ikifika, haianzi na nguo ya mteja. Kijiti cha visahani huangaliwa kama hakikupinda, springi ya kukamata uzi kama ingali inarudi, nati kama haikujifungua kwa mtikisiko. Kijumba huning'inizwa kwa uzi wake kama siku zote. Kisha tambara lilelile lililofunika visahani hukunjwa mara mbili, hushonwa mstari mwekundu juu na mweupe chini, na kugeuzwa.